Ampule Sitini za Evariste

Jumatano, 14 Novemba 1984

Mdogo wangu Evariste amefika na treni ya mchana kutoka Lubumbashi. Nilikwenda stesheni kumpokea sajini wa kilo sabini na nane, aliyepanda ndege mwaka jana kwenda kupigana Chad. Nikapokea mifupa iliyovalishwa koti la jeshi. Tumbo tu ndilo limekua. Mke wake, Emérance, alikuwa amepakata sanduku la karatasi kama mtu aliyepakata mtoto.

Kabla ya kufika kwangu, mtaa wa Kikula, nilimpitisha kwenye mashine ya kusaga mahindi, nikampandisha kwenye mizani. Kilo 42. Mwenye mashine akauliza, "Stani, huyu tunamusaga ao tunamupima tu?" Evariste alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Ugonjwa unaitwa kala-azar. Kijidudu kidogo kuliko mbu kilimwuma kule mchangani, kikamwachia vimelea vinavyokaa ndani ya wengu na kula damu polepole. Daktari wa kambi alitoboa mfupa wa kifua akaviona. Barua yake iko hapa mezani, mwandiko wa mtu mwenye haraka, maana siku ileile alitumwa kaskazini, Moba, ambako kuna vita. Inasema: dawa ya antimoine, miligramu 20 kwa kila kilo ya mwili, kila siku, siku 30. Isipite miligramu 850 kwa siku. Mapigo ya moyo yaangaliwe. Ndani ya sanduku kuna ampule sitini.

Karatasi ya pili ni ya jeshi. Tarehe 15 Desemba Evariste ajitokeze mbele ya tume ya afya kule Lubumbashi, dawa ikiwa imekwisha, amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Asipojitokeza, amefutwa jeshini.

Kutoka keshokutwa mpaka tarehe 15 ni siku thelathini kamili. Hakuna hata moja ya akiba. Ndiyo maana nimechukua daftari hili la labo, maabara ya kiwanda chetu cha shaba. Nitaandika kila kitu.

Alhamisi, 15 Novemba

Mvua toka asubuhi. Kitanda kimepatikana, wadi ya wanaume, hospitali ya mji.

Ijumaa, 16 Novemba

Sindano ya kwanza. Mwuguzi anaitwa Philomène, mwanamke wa Kambove, mfupi, viatu vya plastiki, shule ya miaka minne baada ya msingi. Anaandika taratibu huku akitoa ncha ya ulimi. Mtu wa namna hiyo ndiye amekabidhiwa ndugu yangu.

Mimi pia sina diploma. Niliingia kwenye labo ya kiwanda nikiwa mfagiaji, miaka ishirini na mbili iliyopita. Nilifagia huku nikitazama mikono ya wakubwa, usiku nikarudia hesabu zao kwa mkaa sakafuni. Leo wenye diploma wanakuja kuniuliza mimi. Lakini nilijifundisha mpaka nikajua. Sikusimama katikati ya njia.

Antimoine naijua. Kwenye shaba ni uchafu. Gramu nne tu ndani ya tani nzima na mnunuzi wa Ulaya anaanza kulalamika kwamba waya unakatika. Kazi yangu kila siku ni kuitafuta na kuifukuza. Sasa nimekaa kwenye benchi nikitazama wakiiingiza ndani ya paja la Evariste, nami ninaomba iingie vizuri.

Joto 39,4. Mapigo 104.

Jumamosi, 17 Novemba

Mvua. Sindano.

Jumapili, 18 Novemba

Mvua. Sindano. Joto 39,2.

Jumanne, 20 Novemba

Nilikuwa kazini zamu mbili mfululizo, jana na leo. Emérance anasema joto haliteremki. Evariste ananiita yaya, kaka mkubwa, kama tangu utoto: "Yaya, dawa iko inatafuta njia."

Ijumaa, 23 Novemba

Siku ya hasira. Nitaieleza yote.

Philomène aliniomba nimshikie sanduku wakati anafungua kabati. Nikaona ndani ampule moja imefunguliwa na kuzibwa kwa pamba. Nikahesabu zilizobaki. Siku nane zimepita na ampule tano tu zimetumika. Kwa mwendo huo, ampule sitini zinafika siku mia na saba. Hakuna daktari anayempa mtu wa siku thelathini dawa ya siku mia na saba.

Nikamwuliza, "Mama, kila siku unamupatia kiasi gani?"

"Mililita mbili na nusu na kidogo. Mbili nukta nane."

"Ulihesabu namna gani?"

Akatoa karatasi yake, na hesabu yake ilikuwa safi. Kilo 42 mara 20 ni 840. Ampule ya mililita tano imeandikwa gramu moja na nusu. Basi 840 ndani ya 1500 ni zaidi kidogo ya nusu ya ampule. Ila ile gramu moja na nusu ni chumvi. Antimoine yenyewe iliyomo ndani ya chumvi hiyo imeandikwa chini yake, kwa herufi za kuchosha macho: miligramu 425. Kwetu labo, kijana wa wiki ya kwanza anajua kwamba jiwe si shaba. Ukileta tani ya jiwe kutoka Kambove, shaba yake labda ni kilo arobaini. Ndugu yangu alitakiwa apate ampule mbili kwa siku. Amepata miligramu 238, kila siku, siku nane.

Nilimwambia mbele ya wadi nzima. Sikupunguza sauti.

Hakubisha. Alisoma ile ampule mara mbili, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Nilisoma namba kubwa. Ile kidogo nilifikiri njo namba ya fabriki. Kosa ni ya kwangu, Papa Stani." Halafu akafungua daftari la wadi, akaandika kosa lake pale, taratibu, na ncha ya ulimi nje. Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Mama, ukimaliza kuandika yake, andika na yangu. Hata kosa sijapata bado." Watu wakacheka.

Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye mvua.

Jumamosi, 24 Novemba

Sikukuu ya utawala. Wauguzi wote wameitwa kwenye gwaride na kucheza ngoma za chama, pamoja na Philomène, kitenge kimoja wote. Nilikwenda hospitali mara tatu. Mlinzi tu.

Jumapili, 25 Novemba

Wauguzi wanapumzika miguu. Hakuna sindano. Siku mbili nzima, sifuri.

Jumatatu, 26 Novemba

Ampule mbili, moja kila tako. Nilisimama hapohapo mpaka tone la mwisho. Philomène alinionyesha bomba kabla ya kuchoma na baada ya kuchoma, bila kuombwa.

Alhamisi, 29 Novemba

Mvua imeacha kidogo. Joto 37,6. Wengu ulikuwa umefika kitovuni. Leo Philomène ameupima na umerudi juu vidole viwili.

Ijumaa, 30 Novemba

Joto 36,9. Evariste amekula bukari, ugali wetu, na ametafuta kichwa cha samaki kwenye sahani ya mke wake. Emérance alijifanya amekasirika. "Chad walikufundisha kuiba samaki tu?" Yeye akajibu, "Kule samaki haiko. Nilikuwa najifunza bure."

Anasema viungo vinamuuma, magoti na mabega, na mdomo una ladha mbaya. "Yaya, ni sawa nalamba waya." Nikamwambia, ndiyo hivyo, ni chuma. Chuma kina ladha.

Jumamosi, 1 Desemba

Joto 36,8. Mapigo 76. Kwenye mizani ya hospitali, kilo 43,5.

Jumapili, 2 Desemba

Nimekaa na kalamu tangu misa mpaka giza. Georgette, mke wangu, ameniletea chakula, akakiondoa kikiwa kimepoa.

Siku thelathini mara 840 ni gramu 25,2. Hicho ndicho daktari wa kambi alitaka kiingie mwilini mwa Evariste kabla ya tarehe 15. Siku nane za Philomène zimepunguza 4,8. Siku mbili za gwaride zimepunguza 1,7. Jumla ya pungufu ni gramu sita na nusu. Tukiendelea na ampule mbili mbili, tarehe 15 atasimama mbele ya tume akiwa na robo ya dawa bado ndani ya sanduku. Watamuuliza, umemaliza? Atasema, hapana. Watachukua kalamu.

Kiwandani jambo hili linatokea kila mwezi. Tarehe 25 mkurugenzi anaita wakubwa wa idara, tani hazijatimia, basi wanafanya rattrapage. Umeme unaongezwa kwenye matangi, zamu zinaunganishwa, na tarehe 30 tani zinatimia. Sijawahi kuona mwezi ulioandikwa "tumeshindwa kwa sababu wiki ya kwanza ilikuwa mbaya". Pungufu hufidiwa.

Ampule nne kwa siku, mbili asubuhi na mbili jioni, toka kesho mpaka tarehe 10. Halafu mbili mbili mpaka tarehe 15. Sanduku litapungukiwa ampule moja tu, na hiyo tutaivumilia.

Barua inasema isipite 850 kwa siku. Nimeisoma. Lakini kikomo kile ni cha mtu aliyeanza sawa tangu siku ya kwanza. Daktari hakujua kwamba tutapoteza siku kumi. Angejua, angehesabu kama mimi. Nimejaribu kumpigia simu kupitia posta. Laini ya Moba imekatika.

Jumatatu, 3 Desemba

Philomène amekataa. "Papa, mu barua banaandika 850. Nne ni 1700."

"Gawanya mara mbili. Asubuhi 850, jioni 850."

"Siku ni moja."

"Mama, weye ulikosa kusoma ampule. Sasa unataka kunifundisha hesabu?"

Wagonjwa walikuwa wanasikiliza. Akasema polepole, "Hesabu hapana. Miye naangalia muntu."

Nikaenda kwa daktari wa wadi na jedwali langu. Nimelichora kwa rula, safu tano, tarehe, iliyotakiwa, iliyoingia, pungufu, fidia. Ni kijana, alikuwa na watu kama arobaini mlangoni, mvua inavuja ndani ya beseni nyuma ya kiti chake. Aliangalia jedwali, hakumwangalia Evariste. Akaniita raia, kama utawala unavyotaka: "Citoyen, unafanya kazi wapi?" Nikamwambia. "Inaonekana. Laiti wauguzi wangu wangeandika hivi." Akatia sahihi.

Ampule nne. Mapigo 74.

Jumanne, 4 Desemba

Nne. Ametapika asubuhi. Mapigo 70. Mvua.

Jumatano, 5 Desemba

Nne. Ametapika mara tatu. Mapigo 62. Philomène anakuja kumhesabu hata saa ambayo si zamu yake, ameshika saa ya mkononi yenye kioo kilichopasuka. Nimemwambia askari ana moyo mzito, hauendi mbio kama wa wanawake. Evariste alimkonyeza: "Mama, musikilize yaya. Toka tuko batoto, yeye njo anajua hesabu. Alinigawanyia hata nyama."

Emérance akasema, "Na kipande kikubwa kilibaki kwa nani?" Tulicheka wote, na Philomène.

Alhamisi, 6 Desemba

Nne. Mapigo 54.

Philomène anataka moyo wake upigwe picha kwa mashine ya umeme. Hospitali ya mji haina. Ile nyingine ya wafanyakazi wa kiwanda inayo, nikaenda na kadi yangu. Karani akasoma kadi: mke, watoto. "Ndugu haiko hapa." Nikamwambia tumetoka tumbo moja. "Tumbo halijaandikwa." Nilimwomba kama mtu mzima asivyopaswa kuomba. Mwishoni akaniambia ukweli, kwa huruma kabisa: mashine ipo, lakini karatasi yake iliisha mwezi wa nane. Hata wenye kadi hawapigwi.

Nilirudi kwa miguu. Mvua yenye harufu ya moshi wa kiwanda.

Ijumaa, 7 Desemba

Nne. Tumbo linamuuma juu ya kitovu, maumivu yanapita mpaka mgongoni. Mapigo 50, na Philomène anasema yanaruka, yanapiga matatu, yanangoja, yanapiga mawili. Jioni aliweka bomba kwenye sinia akasema hachomi.

Nikamwonyesha sahihi.

"Naona sinyatiri. Muite huyu mwenye sinyatiri akuye ashike mukono ya mugonjwa."

"Daktari ameondoka."

"Basi tungoje asubuhi."

Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimkumbusha siku zake nane. Nikamwambia kama Evariste akifutwa jeshini, watoto wake watatu watakuja kulala mlangoni kwake. Nikasema nitapeleka daftari la wadi kwa mkurugenzi, lile aliloandika kosa lake kwa mkono wake mwenyewe.

Alichoma. Alipomaliza alikaa kwenye kitanda cha jirani, ameshika kifundo cha mkono cha Evariste, midomo inahesabu.

Jumamosi, 8 Desemba

Nne. Mapigo 46. Asubuhi Evariste alinivuta shati. Sauti yake imekuwa nyembamba. "Yaya, leo tupige mbili tu."

Nikamwambia, "Baada ya leo zimebaki siku mbili tu za nne. Ukikaza leo, kesho na keshokutwa, tumefika."

"Siku mbili," akasema.

"Siku mbili."

"Bon."

Jumatatu, 10 Desemba

Evariste amekufa jana, Jumapili, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Aliomba chai. Emérance alimwomba asimame kidogo anyooshe shuka. Akasimama, kwa miguu yake mwenyewe, akaita, "Emé," akaanguka. Philomène alimkandamiza kifua mpaka jasho likamdondokea marehemu usoni. Mimi nilikuwa njiani, nimebeba mkate.

Tumemzika leo. Mvua iliingia kaburini kabla yake.

Jumanne, 11 Desemba

Kilio nyumbani kwangu. Watu sitini na zaidi. Sijalala.

Alhamisi, 13 Desemba

Baba mdogo Léon amefika kutoka Kamina. Kwa ukoo wetu wa Kasai mtu wa miaka thelathini na nne hafi hivihivi. Lazima kifo kiwe na mwenyewe, na wazee hawaondoki kwenye kilio kabla hawajamtaja. Usiku walimtaja bila shida. Dada zake Emérance walikuwa wamekwisha kusikia hospitali kwamba mwuguzi aliandika kosa lake kwenye daftari. "Muke ya Kambove, ile ya sindano. Yeye mwenyewe alikubali."

Vijana wakaanza kuulizana nyumba yake iko avenyu gani.

Nilisimama. Nilikuwa na daftari hili mkononi. Nikasema, "Si yeye. Kosa lake lilikuwa la kupunguza, na tulilirekebisha. Alikuwa anapona. Mimi ndiye niliyeongeza. Aliniambia tuache, nikamlazimisha."

Nilifikiri watanirukia. Nilikuwa tayari. Nadhani nilitaka.

Baba mdogo Léon akaniuliza, "Weye njo ulichoma sindano?"

"Hapana."

"Weye uko daktari?"

"Hapana."

"Basi kaa chini, mutoto yangu. Uchungu inakusemesha." Mzee mwingine akasema chinichini, lakini nilisikia, kwamba Stani anamtetea sana yule mwanamke, na kwamba alikuwa hospitali kila siku, tena mwanamke mwenyewe si mbaya. Wanaume kadhaa wakatabasamu ndani ya kilio cha ndugu yangu. Georgette alinitazama, akatazama moto.

Nikafungua daftari nianze kusoma namba. Baba mdogo akalifunga juu ya vidole vyangu. "Hatulii na hesabu," alisema.

Hivyo ndivyo nilivyokataliwa hata hatia. Niliwazuia vijana mlangoni kwa mwili wangu mpaka mvua kubwa ilipowarudisha kwenye pombe.

Jumamosi, 15 Desemba

Ndiyo ile tarehe. Niliamka saa kumi alfajiri kama mtu mwenye safari.

Jumatatu, 17 Desemba

Kazini. Sampuli kumi na nne. Zote za siku za rattrapage ya mwezi uliopita. Katode, yaani mabamba ya shaba, zina vinundu, uchafu umepanda karibu mara mbili. Ninaziona hivyo kila mwezi tangu niwe na haki ya kushika kalamu. Tani zinatimia na shaba inaharibika. Nimeyaandika hayo, nikayatia sahihi, na sikujua nililojua.

Nilimwambia Georgette jioni. Alikuwa anasafisha majani ya sombe. Akasema, "Hii ulinielezaka miaka na miaka. Banakimbiza umeme, shaba inatoka na vipele. Ulikuwa unawacheka."

Akarudi kwenye majani yake. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Alhamisi, 20 Desemba

Nimekwenda kwa daktari wa wadi na barua, kurasa tatu, jedwali limeambatishwa. Nimeandika kila kitu: nani alikataa, nani alisisitiza, mapigo ya kila siku kama Philomène alivyoyahesabu, na ladha ya chuma, na viungo, na kutapika, na maumivu ya mgongoni, mambo yote ambayo mwili ulikuwa ukituambia nasi tukayaita kazi ya dawa.

Alisoma yote. Safari hii alisoma. Alipofika kwenye sahihi yake aliweka kidole juu yake kama mtu anayeziba tundu.

"Citoyen, yule mwuguzi amekwisha kuhamishwa. Zahanati ya mbali, upande wa Mitwaba. Ilikuwa lazima familia zione kitu."

"Barua hii itamrudisha."

"Haitamrudisha. Atabaki palepale, nami nitamfuata, na weye utaitwa na watu wa usalama wakuulize kwa nini raia anaandika dawa ya askari." Hakuwa ananitisha. Macho yake yalikuwa mekundu, wadi yake ina wauguzi wawili badala ya watano. "Ulileta karatasi nzuri, miye nikaamini karatasi. Nilipaswa kusimama, kwenda hatua kumi, nimwone. Hatua kumi, Citoyen. Nilizipima baadaye."

Nilimchukia tangu tarehe 9. Leo nilipotoka nilikuwa nimechoka kumchukia. Barua niliiacha mezani kwake. Sijui ataifanya nini.

Jumatatu, 24 Desemba

Nyumba ya Philomène, Kikula, nyuma ya soko la mkaa. Chumba kimoja, mabati yameliwa na mvua ya kiwanda. Alikuwa anafunga masufuria ndani ya kitenge, kitenge kilekile cha gwaride. Gari la Mitwaba linaondoka baada ya Noeli.

Nilimwambia nimeandika barua. Akaendelea kufunga.

"Sikukuomba barua, Papa Stani."

"Ni haki yako."

"Mukono iliyochoma ni hii." Akauonyesha, kama mtu anayeonyesha kitu sokoni. "Ulinishinda juu nilikuwa na haya ya ile siku nane. Muntu mwenye haya haina nguvu ya kusema hapana. Njo uliona ile, ukanikamatia pale."

Ni kweli. Nilipaona, nikapashika pale.

"Miye nilikosa kusoma namba," akasema. "Ile inafundishika. Nimejifunza. Hata kule porini, ampule yoyote nitaisoma mpaka chini. Weye ulisoma kila namba."

Alinipa kiti nilipokuwa nimekwisha kugeuka kuondoka. Nilikaa. Aliniletea maji, tukakaa tukisikiliza wanakwaya wa jirani wakifanya mazoezi ya misa ya usiku. Nilimwita mwanamke wa miaka minne ya shule. Yeye ndiye mtu pekee katika hospitali ile yote aliyekuwa anamhesabu Evariste. Sisi wengine tulikuwa tunahesabu dawa.

Jumatano, 26 Desemba

Mvua.

Alhamisi, 3 Januari 1985

Kazini. Hakuna la kuandika.

Jumapili, 13 Januari

Kesho Emérance anarudi kwa wazazi wake na watoto watatu. Jioni hii alikuja chumbani ninapoandikia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Hajawahi kukaa hapo.

"Yaya, siku ya kilio ulisema alikuwa anapona. Nilisikia. Bengine banasema ni uchungu. Miye nauliza. Alikuwa anapona?"

Nilitafuta namna ya kulifanya jibu liwe dogo. Halikuwa dogo.

"Ndiyo," nikasema. "Tarehe 30 joto liliteremka likakaa. Wengu ulikuwa unarudi. Kilo moja na nusu aliongeza."

"Na ile mbili mbili?"

"Kwa ile mbili mbili."

"Zile siku zilipotea mbele, ilikuwa lazima kuzirudisha?"

Nilikuwa nimeifanya hesabu hiyo mara nyingi tangu Desemba, kwa kila njia ninayoijua. Pale tulipofikia, ilitosha kuendelea mbili mbili, na kama tume ingesema bado, kuomba wiki moja. Wangeweza kukataa, wakamfuta. Angerudi hapa bila koti la jeshi, angesukuma mkokoteni wa mkaa Kikula, angekula vichwa vya samaki vya watu.

"Haikuwa lazima," nikasema.

Emérance akanyoosha kidole kwenye daftari. "Imeandikwa humu?"

"Bado."

"Andika."

Nikaandika: Alikuwa anapona. Haikuwa lazima. Alisema tupige mbili, nikakataa.

Yeye hajui kusoma. Akaniambia nimsomee. Nikasoma. Akaangalia kinywa changu mpaka mwisho, kisha akasema nisome tena, polepole, awaambie watoto vilevile.

Nikasoma tena.